Kiti cha Mwisho cha Fidla za Pili

Treni ilipoingia stesheni, Chiriku alisimama mlangoni, fidla mgongoni, akitafuta uso wa mama yake kati ya watu waliokuja kupokea wageni wao. Hakuuona. Aliuona wa mama mdogo, aliyekuwa akipunga leso kwa nguvu kama mtu anayefukuza nyuki.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda mpaka umebaki shingo na macho. Lete huo mfuko."

"Mama yuko wapi?"

Mama mdogo aliuweka mfuko begani, akauhamishia bega la pili. "Ana shughuli. Twende moja kwa moja shuleni, wanakusubiri kwa mazoezi ya onyesho la kesho. Nyumbani utakwenda baadaye. Nyumba haina miguu, haitakimbia."

Chiriku hakuuliza tena. Mama yake na fidla walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu mwanzo. Mama alikuwa msusi, na chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilikuwa saluni: kioo kirefu, kiti kimoja kizuri cha mteja, benchi la wanaosubiri, na maneno ya mtaa mzima yakipita hapo kila siku kabla hayajafika kwa wenyewe. Siku Chiriku, akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, alipoleta fidla ya kuazima na kuanza kuikwaruza chumba cha nyuma, mteja mmoja aliinua kichwa kilichokuwa nusu kimesukwa akauliza, "Shoga, kuna paka kabanwa na mlango?" Tangu hapo wateja wakamwita yule mtoto Chiriku, ndege asiyejua kunyamaza, na jina likamganda.

Mama hakumkataza. Kila lilipokuja onyesho alimsuka vizuri, mistari myembamba iliyonyooka kama imepigwa kwa rula, akampulizia mafuta, akamsukuma mlangoni. Lakini mwenyewe hakuwahi kwenda hata siku moja. "Jumamosi ni siku ya wateja," alikuwa akisema. "Na mimi na hilo limbao lenu hatuelewani. Nenda wewe unayeelewana nalo."

Kisha Chiriku akapata nafasi ya kusoma chuo cha muziki ng'ambo, akaondoka. Mwaka wa kwanza walizungumza kila wiki. Mwaka wa pili, likizo ilipofika, Chiriku hakurudi nyumbani; alichaguliwa kwenda kupiga na okestra ya vijana, akaenda. Baada ya hapo mama yake akaacha kupokea simu. Akawa anapokea mama mdogo. "Mama anakusalimia, yuko na mteja, anasema soma." Wiki baada ya wiki, miezi ikapita. Chiriku alijua ile ni hasira, na kwa kuwa kichwa kigumu alikirithi kwa huyohuyo mama, naye akakaza. Kama ni kununa, basi wanune wote. Hatimaye mama alirudi kwenye simu, kwa maneno machache ya kuvutavuta, na Chiriku akaona kinyongo bado hakijaisha, lakini angalau kimelainika.

Ndiyo maana kutokumwona mama stesheni kulimuuma lakini hakukumshangaza. Mshangao ulikuwa unamsubiri ghorofani.

Shule ya muziki ya mtaa ilikuwa juu ya lililokuwa ghala la mbao. Ngazi zilikuwa zilezile, na harufu ya mbao mbichi ilikuwa haijatoka ukutani miaka yote hiyo. Nyuma ya mlango mmoja mtu alikuwa akihangaika na tarumbeta, nyuma ya mwingine ngoma ilikuwa inajifunza kuhesabu. Ukumbini, watoto wa okestra walikuwa wameshakaa. Mbele yao alisimama mwalimu wa fidla, mwembamba, mfuko wa shati umejaa penseli. Wanafunzi wote walimwita Mwalimu Nusu, kwa sababu hata ungepiga vipi, yeye angefumba macho, angesikiliza, angesema, "Vizuri. Bado nusu."

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, marahaba." Akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa muda mrefu kuliko kawaida. Alikuwa anatokwa jasho. "Tutaanza mara moja. Utapumzika baadaye. Kile kipande changu, unakikumbuka?"

Angekisahau vipi? Mwalimu alikitunga mwenyewe kwa ajili ya shule, na kila aliyepita pale alikipiga mpaka akakiota. Chiriku akafungua kisanduku, akapaka ulimbo kwenye upinde, akajiweka mbele ya okestra. Mama mdogo alikuwa amekaa pembeni karibu na mlango, akiutazama mfuko wa nguo kama kwamba una jambo la kusema.

Chiriku akageuka kuwasalimia watoto. Fidla za kwanza, vichwa vidogo vilivyochanwa vizuri. Selo mbili, kubwa kuliko wenye kuzipiga. Fidla za pili, nazo watoto tu, isipokuwa kiti cha mwisho kabisa, ambako alikaa mtu mzima mwenye miwani. Chiriku akadhani ni mzazi anamshikia mwanawe kiti. Lakini mtu yule akainua fidla, akaiweka begani, akanyanyua kidevu ili kuikandamiza, na ule mnyanyuo wa kidevu Chiriku aliujua vizuri mno. Ndivyo mama yake alivyonyanyua kidevu kila mteja aliposema anavutwa nywele.

Akatazama tena. Alikuwa mama yake.

Kuna kushangaa kwa mtu kuona jambo geni, na kuna kushangaa kwa mtu kuona jambo analolijua mahali ambapo haliwezi kuwapo, kama kufungua kabati la nguo ukakuta jiko linawaka. Macho yaliona, akili ikakataa kupokea. Mama yake. Fidla. Kati ya watoto. Na fidla yenyewe ilikuwa ile yake ya zamani, aliyoiacha imetundikwa ukutani.

"Shikamoo, mama," akasema. Ndilo neno pekee lililopatikana mdomoni.

"Marahaba," mama akajibu kutoka nyuma, polepole. "Endelea. Watu wanakusubiri."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Chiriku hakucheka. Mwalimu Nusu akainua mkono haraka, kama anayetaka kuziba ufa kabla maji hayajapita, na okestra ikaanza.

Alipiga vibaya kuliko alivyowahi kupiga tangu utotoni. Vidole vilijua njia, lakini masikio yalikuwa nyuma, kwenye kiti cha mwisho. Katikati ya kipande kuna mahali ambapo mpigaji wa mbele anapanda juu, na fidla za pili zinashikilia noti ndefu chini yake. Alipofika hapo aliisikia noti ya mama yake kati ya zote: kavu, iliyopungua kidogo, kama mlango ambao haujafungwa sawasawa. Lakini ilikuwapo. Mama yake alikuwa anapiga muziki. Chiriku akapoteza hesabu, akaingia mapema, akarudi, akaingia akiwa amechelewa.

"Vizuri," alisema Mwalimu Nusu walipomaliza, bila kumtazama usoni. "Bado nusu."

Watoto walipotawanyika, Chiriku aliwapita hao wote mpaka kiti cha nyuma. Mama alikuwa anafunga kisanduku. Alikifunga kwa mkono wa kulia tu. Wa kushoto alikuwa ameuweka tumboni, kama mtu aliyebeba yai. Karibu naye msichana mdogo asiye na meno ya mbele alikuwa anamkunjia kistendi cha noti.

"Huyu ndiye jirani yangu wa kiti," mama alisema. "Karatasi ananigeuzia yeye."

Alitabasamu, na hapo Chiriku akaona. Tabasamu lilipanda upande mmoja. Upande wa pili ulichelewa, ukafika nusu njia ukasimama.

"Mama. Una nini?"

"Tutaongea nyumbani."

"Mama, uso wako una nini?"

"Nimesema nyumbani," mama akasema, kila neno likitoka peke yake, limeoshwa na kuanikwa. Na Chiriku akatambua kwamba sauti ile ya kuvutavuta aliyoisikia kwenye simu, aliyoiita kinyongo, haikuwa kinyongo.

Nyumbani, saluni ilikuwa saluni bado, ila mambo yalikuwa yamepinduka. Kiti cha mteja kilikuwa palepale. Lakini kando yake kiliwekwa kiti kingine cha mbao, na mama akakaa hapo, mkono mapajani.

"Siku hizi mimi ndiye msusi wa mikono," alisema mama mdogo, akijaribu kuchangamsha baraza, "na huyu dada yangu ni msusi wa mdomo. Anakaa hapo ananiamrisha. Hata nywele zenyewe zinamwogopa."

Mama mdogo akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Mama akasimulia. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mwaka wa pili wa masomo ya Chiriku. Alikuwa anamsuka karani wa posta, mteja wake wa miaka mingi, na amefika katikati ya kichwa. Kitana kikaanguka. Akauambia mkono ukiokote. Mkono haukwenda. Akauambia tena, akautazama, ukawa unaning'inia tu kama nguo mbichi kambani. Akataka kusema, "Samahani, shoga, kitana kimeniponyoka," lakini kilichotoka hakikuwa maneno. Karani akainua macho kwenye kioo, akauona uso wa msusi wake umeteremka upande mmoja.

"Yeye ndiye aliyenipeleka hospitali," mama alisema. "Nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama fagio. Alikaa na mimi kule mpaka jua linazama. Manesi hawakujua nani kati yetu ndiye mgonjwa."

"Kiharusi," Chiriku akasema.

"Ndiyo. Kidogo, walisema. Kidogo kwao." Akapumzika. Maneno mengi yalimchosha. "Sikuweza kusema miezi mingi. Nilikuwa nikitaka maji nasema 'dirisha'. Nikitaka dirisha nasema jina lako."

Chiriku alikaa juu ya benchi la wanaosubiri. Alikuwa anaipanga ile miezi upya kichwani. Simu zilizopokelewa na mama mdogo. Salamu fupi. Soma. Na yeye kule ng'ambo, anawaambia wenzake chuoni, akicheka, kwamba mama yake ni bingwa wa kununa. Alikumbuka Jumapili moja alipoishika simu, akaiweka chini, akajiambia, hapana, safari hii aanze yeye. Jumapili hiyo mama yake alikuwa kitandani anatafuta neno la maji.

"Mlinificha," alisema. Sauti yake yenyewe aliisikia kwa mbali. "Nyote. Mama mdogo, mwalimu, karani wa posta. Hata yule mtoto asiye na meno anajua, mimi sijui. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama, si ndivyo ulivyokuwa ukiwaambia wateja wako?"

"Kifo hakijaniumbua. Umeniumbua wewe leo, mbele ya watoto."

"Ningekuja."

"Najua ungekuja. Na ukishakuja ungebaki. Nakujua, nilikuzaa."

"Ilikuwa haki yangu kubaki."

"Ilikuwa haki yako," mama akakubali. "Ndiyo maana sikukuuliza."

Chiriku alisimama, akatoka mpaka uani, akarudi, akasimama mlangoni. Hakuwa na machozi. Angekuwa nayo ingekuwa nafuu. Alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi gizani, bado anapapasa ajue limetoka upande gani.

"Na fidla?" akauliza mwisho. "Fidla imeingiaje?"

Mama mdogo ndiye aliyejibu, akiwa na birika mkononi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimpa mama mpira laini wa kuminyaminya kwa mkono wa kushoto. Mama aliutupa dirishani. Akaletewa mwingine, nao ukafuata njia ya mwenzake. Siku moja Mwalimu Nusu alikuja kumjulia hali. Akakaa, akautazama ule mkono uliolala, akatazama ukutani. Akaishusha fidla. "Mama Chiriku," akasema, "chombo hiki upande wa kulia unasukuma tu. Kazi yote ya vidole ni ya kushoto. Mkono huu huu." Akamwekea begani, akakichukua kidole kimoja baada ya kingine na kukiweka juu ya uzi.

"Nilidhani ananitania," alisema mama. "Halafu akavuta upinde, nikasikia kitu kimetoka kwangu. Sikuwa na neno hata moja wakati ule. Nikamfanyia ishara avute tena."

"Ulichukia fidla."

"Nilichukia kelele yako," mama alisema. "Sasa nina yangu."

Jioni ile Chiriku alimwuliza mama mdogo mambo ya dawa, na dalili, na nini cha kutazama. Mama mdogo akamweleza kama alivyofundishwa hospitali: mwambie acheke uone mdomo, mwambie ainue mikono yote miwili, mwambie aseme jina lake. Ukiona tofauti, usingoje, kimbia naye. Chiriku alirudia maneno hayo moyoni kama somo la mtihani, cheka, inua, sema, mpaka usingizi ukamchukua.

Onyesho lilikuwa kesho yake alasiri. Ukumbi ulijaa, watu wakakaa mpaka kwenye ngazi. Karani wa posta alikuwa safu ya tatu, kichwa kimesukwa chote, akimwambia kila jirani kwamba wale wawili, mama na binti, wote ni watu wake. Watoto wa okestra walivaa mashati meupe. Mama naye alivaa shati jeupe. Kwa mbali, ungemchukua kuwa mwanafunzi aliyerudia darasa mara nyingi sana.

Chiriku aliinama, watu wakapiga makofi, Mwalimu Nusu akainua mkono.

Safari hii alianza vizuri. Vidole vilitulia, upinde ukashika. Alijiambia asisikilize nyuma, na kwa dakika chache aliweza. Wakafika katikati, pale anapopanda juu na fidla za pili zinashikilia chini yake. Akapanda. Noti ndefu zikaja, na ndani yake ile moja kavu, iliyopungua, mlango usiofungwa sawasawa. Akaisikia ikiingia. Akaisikia ikikaa.

Kisha ikakatika.

Haikufifia. Ilikatika, kama uzi wa kushonea. Chiriku akageuza kichwa. Kwenye kiti cha mwisho hakukuwa na uso. Kulikuwa na mgongo wa shati jeupe, umejikunja, kichwa kimezama chini ya kistendi.

Baadaye alishindwa kukumbuka alivyofika kule. Watu ndio waliomsimulia: kwamba aliacha kupiga katikati ya noti, kwamba alipita katikati ya watoto kama gari lililokatika breki, kwamba vistendi vitatu vilianguka na karatasi zikaruka, kwamba ukumbi wote ulisimama bila mtu kutoa sauti. Alichokumbuka yeye ni mabega ya mama yake mikononi mwake, na jinsi alivyomwinua kwa nguvu.

"Mama, nitazame. Cheka."

"Nini?"

"Cheka, nakwambia. Inua mikono. Sema jina lako."

Uso wa mama ulikuwa na jasho kwa kuinama. Alimtazama binti yake, akautazama ukumbi uliosimama, akamtazama tena.

"Nimeangusha miwani," alisema. "Nawe umeikanyaga."

Chiriku akatazama chini. Chini ya kiatu chake kulikuwa na fremu iliyokunjika na vioo vilivyokuwa unga.

Watu walianza kukaa, mmoja mmoja. Mahali fulani mtu alikohoa. Chiriku alibaki amepiga magoti, hajui aombe radhi kwa nani kwanza. Mwalimu Nusu alikuwa amefika, akiokota vistendi.

"Tutaanza tena," alisema kwa upole. "Tangu mwanzo. Mama Chiriku, kaa vizuri."

"Mimi siwezi sasa," alisema mama. "Pigeni bila mimi."

"Mbona unakijua chote," Chiriku alisema. "Karatasi huihitaji, mama. Jana hukuitazama hata mara moja."

"Sitazami karatasi. Natazama vidole."

"Huna haja ya kuvitazama. Viweke tu, utasikia vilipo."

Mama alishusha sauti, asisikike mbali. "Sisikii," alisema. "Kwa masikio nasikia. Kwa vidole, hapana. Hata ukikichoma kidole hiki kwa sindano, nitakuuliza sindano yako umeipoteza wapi. Nikiviona najua viko wapi. Nisipoviona, mkono huu ni wa mtu mwingine."

Chiriku alikishika kidole cha pili cha mkono ule wa kushoto. Akakibonyeza kwa kucha, kwanza kidogo, kisha kwa nguvu. Mama hakushtuka. Alikuwa anatazama pembeni, anasubiri jibu la mwalimu, hajui kama anabonyezwa. Kwenye ncha ya kidole palikuwa na sugu nene, kama ya Chiriku mwenyewe. Amepigaje mpaka akaota sugu, na uzi wenyewe hausikii chini ya ngozi? Kwa vipande vya plasta vilivyobandikwa kwenye shingo ya fidla kuonyesha vidole vikae wapi, na macho, na miwani. Mtu aliyekuwa akisuka mistari myembamba gizani umeme ukikatika, kwa vidole peke yake, huku akiongea.

Kwa kiharusi Chiriku alishtuka. Kwa hili alipoteza hata mshtuko. Alibaki amekishika kile kidole tu.

Mlio wa kiti ukasikika safu ya tatu. Karani wa posta alikuwa amesimama.

"Msusi," aliita, "anakosa nini?"

"Miwani," alijibu yule jirani wa kiti asiye na meno, kabla mtu mzima hajasema kitu.

Karani akavua yake. Ilikuwa kubwa, ya rangi ya waridi, yenye mnyororo wa shanga. Akaitoa mbele, ikapita mkono kwa mkono, safu ya tatu mpaka ya kwanza, kwa selo, kwa fidla za kwanza, mpaka kiti cha mwisho. Mama akaivaa. Akaunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya uso, akaukagua.

"Naona vidole kama ndizi," alisema. "Lakini naviona. Nenda mahali pako."

Chiriku akarudi mbele. Hakuwaomba watu radhi. Hakupata namna ya kuianza. Alisimama, lakini hakuwaelekea watazamaji kama chuo kilivyomfundisha. Aligeuka upande, bega kwa watu na jicho moja kwa okestra, na wakaanza tena tangu mwanzo. Wapo waliolalamika baadaye kwamba walikuja kumwona mpiga fidla wakaonyeshwa mgongo wake. Alipopanda juu na noti ndefu zilipoingia, alimtazama mama yake waziwazi. Mama hakumtazama. Alikuwa ameinamia plasta zake kupitia ile miwani ya waridi, mdomo umekazwa upande unaokazika, akihamisha kidole kimoja baada ya kingine kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Noti ilipungua kidogo. Ilikaa mpaka mwisho.

Makofi yalikuwa marefu. Chiriku hakuyasikia vizuri. Alikuwa bado anakiwaza kile kidole alichokibonyeza, na uso wa mama yake uliotulia.

Watu walipoondoka, walikaa wawili kati ya viti vitupu. Mama alikuwa anafuta nyuzi kwa kitambaa.

"Umeniaibisha," alisema.

"Najua."

"Ndiyo maana sikukwambia. Umeona mwenyewe. Mimi nikipiga chafya, wewe utaacha kazi yako kukimbia."

"Ungeniambia mapema, ningekuwa nimezoea," alisema Chiriku. "Sasa nitakimbia mara ngapi mpaka nizoee?"

Mama aliacha kufuta nyuzi. Kwa mara ya kwanza tangu Chiriku amjue, hakutafuta neno la kujitetea.

"Basi hilo nililikosea," alisema hatimaye.

Chiriku alikaa nyumbani likizo yote. Alimpeleka mama yake kwa daktari, akaketi na yule mtaalamu wa viungo akamwuliza mpaka mtu wa watu akachoka. Alinunua miwani mpya, na ya akiba. Jioni walipiga pamoja katika saluni, wateja wakisikiliza kwa lazima, na Chiriku akagundua kwamba mama yake hapendi kusahihishwa hata kidogo. Ukimwambia kidole cha tatu kimeshuka, anafunga kisanduku na kununa kweli, kununa kwenyewe, si kule kwa kiharusi. Waligombana mara mbili kwa sababu ya kidole hicho.

Kisha akarudi chuoni, kwa makubaliano: simu apokee mama mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, hata kama maneno yatatoka mawili.

Na hupokea. Lakini mpaka leo, simu ikilia na jina la nyumbani likitokea, Chiriku huacha chochote alicho nacho mkononi. Kwanza husimama. Halafu hungoja ile sauti ya polepole iseme, "Haloo," na neno hilo hulisikiliza lote, mwanzo na mwisho wake, upande wa kulia na wa kushoto, kabla hajaitikia.